Siku Tatu Kando ya Ziwa Jipe



Sisi watu wa pwani tumelelewa na maji ya chumvi, hata likitajwa neno uvuvi fikira zetu huenda moja kwa moja baharini, kwenye ngarawa na mashua. Lakini katika Suratu Faatir Mwenyezi Mungu ametutajia maji ya namna mbili, matamu yenye kukata kiu na ya chumvi kali, kisha akatukumbusha kwamba kutoka katika yote mawili twapata nyama laini ya kula. Ya chumvi twayaona kila siku. Yale matamu, mimi na rafiki zangu wanne huyafuata mara moja kila mwaka, katika Ziwa Jipe.

Ziwa hili liko katika kaunti ya Taita-Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania, na mpaka wenyewe umepita ndani ya maji. Si ziwa kubwa. Eneo lake ni kama kilomita 30 za mraba, na sehemu nyingi kina chake hakifiki mita 3. Maji yake mengi huletwa na Mto Lumi, unaoanzia kwenye miteremko ya mashariki ya Kilimanjaro. Ng'ambo ya kusini imesimama milima ya Upare. Sehemu ya ufuo wa Kenya imo katika hifadhi ya Tsavo Magharibi, na sehemu nyingine ni ya vijiji vya wavuvi na wakulima. Maji yakitoka ziwani hufuata Mto Ruvu, huingia katika bwawa la Nyumba ya Mungu, kisha huteremka na Mto Pangani mpaka Bahari ya Hindi. Kwa hiyo maji ya Jipe nayo huishia pwani, katika mji wa Pangani, ambao wazee wetu waliujua vyema.

Wala sisi si Waswahili wa kwanza kwenda upande huo. Katika karne ya 19 misafara ya biashara kutoka Mombasa na Pangani ilikuwa ikipumzika Taveta, chini ya kivuli cha msitu wake, kabla ya kuingia nchi ya Wamaasai. Joseph Thomson, msafiri wa Kiskoti, alipopita huko mwaka 1883 aliwakuta wafanyabiashara wa pwani wamekwisha kuizoea njia hiyo. Walikwenda kwa miguu, majuma kwa majuma, na wake zao walibaki nyumbani wakihesabu miezi. Sisi twaenda kwa gari asubuhi na kufika alasiri, nasi twalalamika kuwa mgongo wauma.

Tuko watano: seremala, mwalimu wa shule ya msingi, dereva wa lori aliyestaafu, muuza nguo, na mimi. Twaenda mwezi wa Agosti, shule zikiwa zimefungwa, na hulala huko usiku tatu. Kila mwezi kila mmoja huweka kiasi kidogo katika sanduku linalotunzwa na mwalimu, na daftari lake halina msamaha. Tangu mwaka wa kwanza tumejiwekea sharti moja: haendi mtu ambaye hajaacha nyumbani matumizi ya siku zote za safari, na ambaye mkewe hajaridhia. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kwamba yatosha kuwa dhambi kwa mtu kuwatelekeza wale ambao riziki yao iko mikononi mwake. Samaki wa Jipe ni mtamu, lakini hafai kuliwa na mtu aliyewaacha watoto wake wakikopa unga dukani.

Njia yetu ni ile ya Voi. Hapo twaiacha barabara ya Nairobi na kushika ya Taveta, tukapita mashamba ya mkonge ya Mwatate, kisha Bura, kisha Maktau, ambapo barabara huingia katika mbuga ya Tsavo na mara nyingi huwaona ndovu wekundu kwa udongo. Reli ya zamani yenda sambamba nayo. Ilijengwa wakati wa Vita Vikuu vya Kwanza ili kupeleka majeshi ya Waingereza kupigana na Wajerumani waliokuwa wameiteka Taveta mwaka 1914. Kilima cha Salaita, kilichopiganiwa Februari 1916, huonekana kabla ya kufika mjini. Miongoni mwa walioletwa kupigana hapo walikuwamo askari wa kikosi cha Baluchi kutoka Bara Hindi, na Waislamu walikuwamo ndani yake. Hawakuijua nchi hii wala haikuwa vita yao. Sisi husimamisha gari kwa muda, tukawaombea dua waliokufa katika imani, kisha tukaendelea.

Kabla ya kuondoka humteua mmoja wetu kuwa amiri wa safari, kwa kufuata mafundisho ya Mtume (s.a.w.) kwamba watu watatu wakisafiri na wamteue mmoja wao. Aghalabu amiri huwa yule dereva. Yeye ndiye huamua saa ya kula, pa kupiga hema, na nani aoshe sufuria. Mimi naulizwa habari za sala tu, na katika kuosha sufuria sina hoja. Kwa kuwa mwendo wetu wazidi kilomita 250, na kukaa kwetu hakufiki siku 4 kamili mbali na siku ya kuingia na ya kutoka, twaruhusiwa kufupisha sala za rakaa nne na kukusanya mbili pamoja. Hiyo ni sadaka ya Mwenyezi Mungu kwa msafiri, nasi twaipokea. Kibla huko, kama kwetu Mombasa, ni karibu kaskazini kabisa. Ukisimama kwa sala ya alfajiri, Kilimanjaro huwa mbele yako upande wa kushoto. Agosti mawingu huufunika mlima mchana kutwa, lakini alfajiri hufunguka, na ukishatoa salamu waiona theluji ya Kibo, mita 5,895 juu ya bahari, ikigeuka rangi kwa jua.

Mwenyeji wetu ni mvuvi mzee, Mkristo, ambaye uwanja wake uko nje ya mpaka wa hifadhi. Ndiye mwenye kibali cha kuvua na ndiye mwenye mitumbwi, nasi hatutii ndoana majini ila tukiwa naye au na wanawe. Tukifika, mkewe hutuletea ndizi za kupika, maana Taveta ni nchi ya ndizi, nasi humpa nazi, ndimu na mahamri kutoka Mombasa. Akina mama wameniuliza mara nyingi: je, samaki aliyevuliwa na asiyekuwa Mwislamu ni halali? Ni halali, kwa kuwa samaki hachinjwi, na maiti yake ni halali. Na kambare, asiye na magamba? Katika madhhab yetu ya Imamu Shafi naye ni halali. Mamba ndiye si halali, na hapo mwenyeji wetu hucheka akasema kwamba mamba naye ana fatwa yake kuhusu sisi.

Hayo ni maskhara yenye ukweli ndani yake, kwani mamba na viboko wamo. Kiboko hutoka majini magharibi kwenda kula majani, na hatari kubwa ni mtu kusimama baina yake na maji. Basi likikaribia jua kutua hapana mtu anayekwenda ufuoni. Maji ya udhu wa Magharibi, Isha na Alfajiri huchotwa tangu alasiri na kuwekwa karibu na mahema. Yana tope kidogo, lakini maji yaliyobadilika kwa udongo wa mahali pake hubaki kuwa tohara.

Asubuhi huingia majini watu wawili wawili kwa mtumbwi, na kijana wa mwenyeji husukuma kwa upondo, maana pana kina kifupi. Mitumbwi hupita katika vichochoro vilivyokatwa ndani ya matete. Ndege ni wengi: mnandi waliotandaza mbawa kuzikausha, yangeyange, mdiria anayejitupa majini kama jiwe. Tukifika penye uwazi twatia chambo cha nyungunyungu na kuteremsha mshipi wa mkono. Anayetafutwa zaidi ni perege, ambao wengi wetu twawaita tilapia. Mna jamii ya perege katika maji haya ya bonde la Pangani ambayo wataalamu wameipa jina la ziwa lenyewe, jipe. Perege hudonoa kwa adabu, mara moja, mara mbili, kisha huondoka na chambo usipokuwa mwangalifu. Kambare yeye huvuta kwa uzito, kama mtu aliyeukanyaga mshipi.

Mwaka huu ilibaki kidogo safari isiwe. Rafiki yetu seremala ana kisukari cha miaka mingi, na tangu mwaka jana macho yake yamekuwa yakififia. Ugonjwa umeathiri mishipa midogo iliyo nyuma ya jicho. Mchana huona maumbo, usiku haoni kitu. Naandika habari hii kwa idhini yake na ya mkewe. Wote wawili wamesema afadhali iandikwe, huenda ikamfaa mtu.

Juma moja kabla ya kuondoka, mkewe alinipigia simu. "Sheikh," aliniambia, "mimi simkatazi. Akikosa safari hii atakaa kwenye kiti chake na hatanena mwezi mzima. Lakini nataka kujua usiku ni nani atakayemshika mkono." Nikamwambia nitamshika mimi. Akasema, "Alhamdulillah. Basi chukua kalamu."

Niliandika ukurasa mzima. Insulini ikae mahali pa baridi lakini isigusane na barafu, kwa kuwa ikiganda huharibika. Basi isitiwe katika sanduku la barafu la samaki, itiwe ndani ya themosi yake yenye maji baridi, chupa ikiwa imefungwa kwa nailoni. Chakula chake kisicheleweshwe kwa kuwa nyinyi mwataka kungoja samaki. Mfukoni awe na tende kila saa, na mkimwona ametoka jasho, anatetemeka au anasema maneno yasiyoeleweka, mpeni tende mara moja wala msimngoje aseme ana njaa. Asitembee pekupeku, hata hatua tatu, kwa sababu mguu wa mwenye kisukari huweza kukatwa na kigae asihisi. Nilipomsomea amiri ukurasa ule, alisema kwamba tangu aanze kuendesha lori hajapata kupewa maagizo yaliyo wazi kama yale.

Tulikuwa na shaka kuhusu mtumbwi. Mwenyeji wetu ndiye aliyekata shauri. Alimkalisha seremala katikati, mtumbwi ulio mpana zaidi, akaingia mwenyewe badala ya mwanawe, akampa mshipi. Mimi nilikaa nyuma. Mshipi wa mkono haukuumbiwa macho: hupita juu ya kidole cha shahada, na kidole ndicho kinachosikia. Seremala ametumia vidole vyake miaka 30 kupapasa mbao ajue palipobaki ukwaru. Sote wawili tulikuwa tukitazama maji, yeye akisikiliza kidole. Mpaka saa nne mimi nilikuwa nimepata perege 2. Yeye alikuwa na 9 na kambare mmoja, na kila aliponasa alitaja mapema ni samaki gani anayekuja. Kambare alikataa kumshika kwa kuwa mapezi yake ya ubavuni yana miiba, akamwachia mzee.

Jioni tulichoma perege juu ya makaa, tukawapaka tui zito lililotiwa thomu, tangawizi, pilipili na ndimu. Mwenyeji na mkewe walikula nasi. Baada ya Isha, tukiwa tumebaki sisi watano na kahawa chungu, seremala akazungumza. Alisema kwamba hofu yake si giza. Tangu Ramadhani hajapokea kazi mpya hata moja, kwa kuwa hawezi tena kuona mstari wa msumeno, na fedha alizokuwa akizipeleka nyumbani kila juma, mkewe akidhani ni za karakana, zilikuwa za mkopo. Kiasi chake kilikuwa kikubwa. Hakuna aliyejua.

Wanavyuoni wamesema kwamba safari imeitwa safar kwa Kiarabu kwa sababu huzifunua tabia za watu. Na yasimuliwa kwamba Sayyidna Umar (r.a.) aliposikia mtu akimsifu mwenziwe, alimuuliza kama amepata kusafiri naye. Mimi nimekuwa nikiyasomesha maneno haya kwa maana ya kuwa safari humfunua mwenye ubakhili na mwenye hasira. Usiku ule niliona kwamba humfunua pia mwenye kubeba mzigo peke yake. Mtu huyu tulikuwa twaswali naye safu moja kila siku mjini, na twamuuliza hali, naye hujibu alhamdulillah. Ilichukua kilomita 250, hema, na mahali pasipokuwa na mtoto wa kupita na kusikia, ndipo akasema.

Muuza nguo, ambaye ni mchache wa maneno, aliuliza jambo moja tu: mkopo una riba? Haukuwa na riba, ulikuwa wa jamaa zake. Mwalimu akafungua daftari la sanduku la safari, akalifunga tena. Tulikubaliana mambo matatu. Deni lile tutasaidiana kulipa kidogo kidogo, nasi tukaandika na kushuhudia, kama Qur'ani ilivyotuamrisha katika mambo ya madeni. Atapelekwa kwa daktari wa macho kwa zamu. La tatu lilikuwa zito kwake: hatutatoa shilingi moja kabla yeye mwenyewe hajamweleza mkewe. Mke ni mshirika wa maisha, na si haki watu wanne wa nje waijue hali ya nyumba yake kabla yake.

Alimweleza usiku ule ule tuliorejea. Baadaye mkewe alinisimulia kwa ufupi. Alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia: "Mbao zile zile zimesimama ukutani tangu Ramadhani. Nilikuwa nangoja uniambie." Yeye alikuwa amekwisha kuanza kupika vitumbua na mahamri kwa kuuza, na fedha alizoweka alizileta mezani. Sasa kijana aliyekuwa mwanafunzi wa seremala ndiye anayekata, na mwenyewe hukaa naye akipapasa kila kiungo kabla hakijatiwa rangi. Wateja wamerudi kiasi. Daktari ametibu jicho moja kwa miale ya leza, na ametueleza waziwazi kwamba tiba hiyo huhifadhi kilichobaki, aghalabu hairejeshi kilichopotea.

Hapo ndipo pa kuwausia nyinyi akina mama na akina baba. Mwenye kisukari na apimwe macho kila mwaka, hata kama anaona vyema, kwa sababu maradhi haya huanza kimya na mgonjwa hahisi kitu mpaka yamekwisha kwenda mbali. Daktari alituambia kwamba lau rafiki yetu angefika miaka mitatu kabla, sehemu kubwa ya uoni wake ingeokoka. Na mume anayeonekana ghafla amekuwa mkimya, asiachwe na ukimya wake. Mwenye rafiki na amuulize mahali penye faragha, tena aulize mara mbili.

Ziwa lenyewe nalo lina maradhi yake. Mzee mwenyeji wetu hutuonyesha mahali alipokuwa akivua ujanani mwake, ambapo leo ni matete matupu. Mto Lumi huleta udongo unaoporomoka kutoka kwenye mashamba na malisho ya juu, ziwa hupungua kina, na matete huota juu ya tope. Wavuvi hukata njia, nazo hujifunga tena. Ndiyo sababu twamlipa mwenyeji siku mbili zaidi ya zile tunazolala, ili wanawe wakate matete, na sisi wenyewe hushika panga asubuhi ya mwisho. Ni kazi ndogo mbele ya jambo kubwa, lakini mgeni asiondoke na samaki tu.

Samaki tulioleta mwaka huu waligawanywa katika nyumba tano na mafungu mawili kwa majirani. Wake zetu nao waliketi kikao chao, kisha wakatutumia ujumbe kwa mkono wa mke wa seremala. Wamesema kwamba wamesikia habari za mlima unaoonekana baada ya sala ya alfajiri kwa miaka mingi, na sasa wanataka kuuona. Agosti ijayo tutakwenda familia nzima, pamoja na watoto, mahema ya wanawake upande wao na ya wanaume upande wao. Mke wa seremala ameomba apewe daftari la sanduku alitunze yeye, na mwalimu amelitoa bila ya kinyongo. Michango imekwisha kuanza. Nimeulizwa kama nitahitaji ukurasa mwingine wa maagizo. Nimesema amiri ndiye aulizwe, na kwa jinsi mambo yanavyokwenda, huenda mwakani amiri wa masuala ya jikoni na dawa asiwe mwanamume.

Tumuombe Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awalipie wenye madeni, na awarejeshe salama kila wasafirio kwa ahali zao. Wabillahi tawfiq.